Kumpeleka Kijana Ulaya: Wajibu wa Mwalimu ni Upi?

Waganda wana methali isemayo kwamba asiyetembea ndiye amsifuye mama yake kwa upishi. Waswahili nao wana yao: mwacha asili ni mtumwa. Methali ya kwanza inamhimiza kijana atoke, aonje chungu cha wengine, apate kujua kwamba dunia haikuanzia jikoni kwao. Ya pili inamwonya kwamba mwenye kuonja chungu cha wengine huweza kukisahau cha kwao, na aliyekisahau cha kwao hana tena uhuru wake. Zote mbili ni za kweli, na mwalimu hufundisha zote mbili bila taabu, moja leo na nyingine kesho. Taabu huanza siku anapotakiwa kuzitumia zote kwa pamoja.

Siku hiyo, kwa baadhi ya walimu wa Kampala, huja kwa sura ya barua kwa wazazi. Wako wazazi wenye uwezo, na ziko shule za sekondari, wanaowapeleka vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba katika miji ya Ulaya kwa siku nne au tano wakati wa likizo. Barua huiita safari hiyo ziara ya mafunzo. Katika makala haya hatuulizi kama safari hizo zinapendeza, kwani zinapendeza. Wala hatuulizi kama zinaruhusiwa, kwani zinaruhusiwa. Tunauliza jambo moja tu la maadili: mwalimu ampelekaye kijana Ulaya kwa siku chache ana wajibu gani kwa yule anayemchukua, na ana wajibu gani kwa yule anayemwacha?

Jambo hili si jipya

Ni kosa kudhani kwamba safari ya Mganda kwenda Ulaya ilianza na ndege za Entebbe. Mwaka 1879 Kabaka Mutesa I aliwatuma wajumbe watatu, wakafuatana na wamisionari kwa njia ya Mto Naili, na mwaka 1880 wakafikishwa mbele ya Malkia Victoria. Mwaka 1902 Katikiro Apolo Kagwa na katibu wake Ham Mukasa walikwenda London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Mfalme akaugua, na sherehe iliyopangwa mwezi wa Juni ikaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti. Ham Mukasa aliandika kwa Kiganda habari za yale waliyoyaona, na tafsiri ya Kiingereza ya maandishi hayo ikachapishwa mwaka 1904. Katika Kiswahili pia tunaye Selim bin Abakari, aliyesafiri mwaka 1896 kutoka Berlin hadi Urusi na Siberia pamoja na bwana wake Mjerumani. Habari zake zimo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901.

Tukiwatazama wasafiri hao kwa makini tunaona mambo mawili. La kwanza, hawakwenda kwa ajili ya nafsi zao tu. Wajumbe wa Mutesa walikuwa na ujumbe, na Katikiro alikuwa na nchi nyuma yake. La pili, safari haikuisha waliporudi. Iliisha ilipokwisha kusimuliwa kwa lugha ambayo watu wa nyumbani waliweza kuifahamu. Tena tusisahau kwamba Apolo Kagwa alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha habari za wafalme wa Buganda mwaka 1901, mwaka mmoja kabla ya kwenda kumtazama mfalme wa watu wengine. Aliijua nyumba yake kabla ya kubisha hodi nyumba ya jirani.

Wapo watakaosema kwamba hao walikuwa watu wazima, na sisi tunazungumza juu ya vijana. Basi tumtazame kijana. Kabaka Daudi Chwa, aliyetawazwa mwaka 1897 akiwa mtoto wa mwaka mmoja, alipelekwa Uingereza mwaka 1913 kabla hajatimiza miaka 18. Alionyeshwa yale ambayo dola kubwa hupenda kuwaonyesha vijana wa makoloni yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1935, Kabaka huyo huyo alitoa kijitabu juu ya elimu, ustaarabu na kugeuzwa mgeni katika nchi ya Buganda. Humo alitenganisha elimu na ustaarabu, mambo aliyoyakubali, na tabia ya kuziacha mila njema za wazee kwa kudhani kwamba kila kilichotoka nje ni bora, jambo alilolisikitikia. Hatudai kwamba safari ya ujana wake ndiyo iliyomfunza hayo. Tunachosema ni kwamba kuiona Ulaya mapema hakukumzuia kupima mambo. Kwa hiyo hofu kwamba kijana akiiona Ulaya lazima atalewa kasumba haina msingi wa kutosha. Swali ni anaionaje, na anaiona akiwa amebeba nini kichwani.

Tuliyoyaona wenyewe

Si zamani sana tulitakiwa kufuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja ya mji huu kwenda Brussels kwa siku tano. Hatuitaji shule hiyo, kwa kuwa tutakayoyasema yanatuhusu sisi zaidi kuliko yanavyoihusu shule.

Kwanza tuseme jinsi safari ya namna hiyo inavyolipwa, maana maadili ya jambo aghalabu hujificha katika hesabu zake. Mbali na nauli na malazi, iko viza. Tangu Juni 2024 ada ya kawaida ya viza ya nchi za Schengen ni yuro 90 kwa mwombaji aliyetimiza miaka 12, na fedha hizo hazirudishwi kwa aliyekataliwa. Kijana wa umri huo huchukuliwa alama za vidole. Mzazi hutakiwa kutoa idhini, kuonyesha hesabu zake za benki, na kukata bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Kisha iko gharama moja ambayo haikuandikwa katika barua kwa wazazi: nauli ya mwalimu. Katika safari yetu, kama katika nyingi za aina hiyo, gharama ya mwalimu iligawanywa kimyakimya juu ya vichwa vya wanafunzi. Sisi tulikwenda bure, yaani tulikwenda kwa fedha za wazazi bila wazazi kuulizwa.

Katika darasa lenye wanafunzi zaidi ya arobaini, waliojiandikisha walikuwa kumi na watatu. Mmoja wao alikuwa binti wa mama auzaye ndizi na mboga katika soko la Nakasero. Mama huyo alitujia baada ya mkutano wa wazazi, akasimama pembeni mpaka wengine walipoondoka, kisha akatuambia:

"Mwalimu, nimekopa kwenye chama chetu cha akiba. Sitaki mwanangu ajue kwamba sisi ni maskini."

Tulilijua jibu la haki. Tungaliweza kumwambia: Mama, mwanao anajua, wala hakuoni duni, rudisha mkopo huo, kwani siku tano za Ulaya haziwezi kumpa mtoto kitu cha thamani ya miezi kumi ya deni. Hatukusema. Tulimwambia tu kwamba ni vyema, na kwamba binti yake ni mwerevu. Tulinyamaza kwa sababu safari ilihitaji idadi fulani ya wanafunzi ili ifanyike, na sisi tulitamani ifanyike. Tunaliandika jambo hili hapa ili mwalimu mwenzetu atakayesimama mahali tuliposimama asiseme kwamba hakuonywa.

Binti yule alinyimwa viza. Karatasi aliyopewa ilieleza kwamba hesabu ya benki ya mzazi haikutosha kuthibitisha uwezo. Fedha zilizokuwamo zilikuwa zimeingia karibuni tu, na kwa hakika ziliingia karibuni, kwa kuwa zilikuwa za mkopo. Ada haikurudishwa. Tuliondoka Entebbe usiku na wanafunzi kumi na wawili.

Tusiwe wadhalimu wa safari hiyo: ilikuwa na kheri yake. Vijana waliokwenda wakidhani kwamba Mzungu hazaliwi maskini waliwaona Wazungu wakifagia barabara katika mvua, na wazee wakihesabu sarafu mbele ya duka. Kasumba iliyojengwa kwa miaka kumi na mitano ya kutazama sinema ilianza kupasuka kwa asubuhi moja. Siku ya tatu tulipanda tramu ya 44, ipitayo msituni, mpaka Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika lililofunguliwa upya mwaka 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Huko mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267 na kuwaweka katika vijiji vya maonyesho ili watu wa Ubelgiji waje kuwatazama. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji huo. Tuliwapeleka wanafunzi makaburini. Hawa walioletwa Ulaya kutazamwa walikuwa wamelala mbele ya hawa walioletwa Ulaya kutazama. Hatukutoa somo lolote, na hakuna aliyepiga picha.

Jioni ya siku hiyo tulikwenda kula katika mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Mwenye mkahawa alikuwa mama wa Bukavu. Miongoni mwetu alikuwako kijana mmoja aliyezoea kusinzia katika vipindi vyetu, kwa kuwa nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za Kampala, Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya askari na wezi. Mama yule alituuliza, "Munatoka wapi, wanangu?" Kijana akawa wa kwanza kujibu, "Kampala, mama." Akaulizwa habari za Kampala, maana mama yule alikuwa na ndugu zake waliokimbilia huko, naye akajitahidi kujibu, akikosea ngeli na kusahihishwa na mwenye nyumba kwa Kiswahili cha Kivu, ambacho nacho kingetiwa alama nyekundu katika daftari letu. Alishiba, akaombewa baraka, akatoka. Njiani alituuliza kwa nini hatukumwambia kwamba lugha hii inafika mbali hivyo. Tulikuwa tumemwambia kwa miaka mitatu.

Tuliporudi tuliwapa wanafunzi wote wa darasa insha juu ya safari waliyowahi kuifanya. Tulidhani ni kichwa cha haki, kwa kuwa kila mtu amewahi kusafiri. Binti wa Nakasero alikuja mezani kwetu na daftari lake likiwa tupu, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, niandike safari ipi? Mimi nilifika dirishani tu."

Hoja za pande mbili

Wenzetu wamezijibu habari hizi kwa hoja kadhaa, na ni haki tuzipime.

Wapo wasemao kwamba usawa wa namna tunayoidai ni wivu uliovikwa joho la maadili. Kama mzazi ana fedha, je, mwanawe akae gizani kwa kuwa jirani hana taa? Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Mzazi akimchukua mwanawe Roma au Paris kwa fedha zake na kwa muda wake, hilo ni la nyumba yake, na nyumba hazilingani. Shule haifanani na nyumba. Shule ni kitu tulichokiunda kwa makusudi ili kwa saa chache kila siku watoto wa nyumba zisizolingana wakae benchi moja, wavae sare moja na wafanye mtihani mmoja. Linalofanywa kwa jina la shule hufanywa kwa jina la darasa zima, na yule aliyeachwa huachwa na darasa lake. Ndiyo maana mama wa Nakasero hakukopa alipoona watoto wa matajiri wakiruka na wazazi wao. Alikopa barua ilipotoka shuleni.

Wengine hujibu: basi hata safari ya Jinja kutazama chanzo cha Naili iko asiyeiweza, je, tufunge milango yote? La. Tofauti iko katika mzigo na wabebaji. Safari ya Jinja ikimshinda mwanafunzi mmoja au watatu, darasa laweza kuchanga likawabeba, na hakuna atakayejua nani alibebwa. Safari ya Ulaya ikiwashinda thelathini, hakuna mchango utakaowabeba. Kwa hiyo kipimo chetu hakiulizi kama safari ni ghali au rahisi. Kinauliza: je, darasa linaweza kumbeba asiyeweza? Kama linaweza, safari hiyo ni ya shule. Kama haliwezi, safari hiyo ni ya wazazi, na iitwe hivyo, na shule isiitilie muhuri wake.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaopinga safari hizo kabisa, wakisema kwamba Ulaya haina la kutufundisha. Hapa tunasimama upande wa methali ya Waganda. Hata mambo yetu wenyewe mengine yako huko. Kichwa cha udongo kilichofukuliwa mwaka 1929 katika eneo la gereza la Luzira, ndani ya Kampala hii, kimo mikononi mwa British Museum mjini London. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yalikaa Cambridge kwa miaka mingi mpaka yaliporudishwa mwaka 1962, na mwaka 2024 chuo hicho kikaleta tena vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda. Kijana mwenye kulijua hilo ana sababu ya kwenda. Lakini ni wangapi wanaolijua? Kabla ya safari yetu tuliwauliza wale kumi na watatu ni nani amewahi kuingia Makumbusho ya Uganda, yaliyoko kwenye kilima cha Kitante tangu mwaka 1954. Walioinua mikono walikuwa wachache. Tulipowauliza juu ya makaburi ya wafalme huko Kasubi, yaliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001 na kuteketea kwa moto mwezi wa Machi 2010, wengi walijua habari za moto tu. Walijua kwamba kitu kimeungua, bila kujua ni kitu gani.

Tunalopendekeza

Baada ya kupima hayo tunaona kwamba mwalimu ana wajibu wa namna nne, nasi tunautoa ujadiliwe na wenzetu.

Kwanza, kijana aanzie nyumbani. Asiyefika Kitante, Kasubi na Namugongo hana kipimo cha kupimia aonacho Brussels, naye atastaajabia kila kitu au atadharau kila kitu.

Pili, asiende bila kutumwa. Darasa zima, pamoja na wasiokwenda, liketi na kuandaa maswali ambayo msafiri atarudi na majibu yake. Hapo aliyebaki anakuwa mtumaji, na aliyekwenda anakuwa mjumbe, kama wale wa mwaka 1879.

Tatu, hesabu iwe wazi mpaka senti ya mwisho, pamoja na nauli ya mwalimu. Mwalimu asiyeweza kuisema nauli yake mbele ya wazazi asiipokee.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, mwalimu aseme kweli kwa mzazi anayekopa, hata kama kweli hiyo itaivunja safari.

Na ikiwa masharti hayo hayatimiziki, ziko safari ambazo darasa zima laweza kuzifanya. Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mabasi huondoka Kampala kwenda Nairobi na Mombasa. Kijana wetu hahitaji kufika Matonge ili agundue kwamba lugha anayoisinzilia ina wenyewe, ina vyakula vyake na ina akina mama wa kumsahihisha ngeli. Huko pwani asingetakiwa aonyeshe hesabu za benki za mama yake ili asikie lugha hiyo ikisemwa.

Yule binti hatimaye aliandika insha yake. Aliandika juu ya safari ya alfajiri kutoka nyumbani kwao mpaka sokoni pamoja na mama yake, wakiwa na mikungu ya ndizi juu ya pikipiki, katika wiki ile ambayo wenzake walikuwa Ulaya. Ilikuwa insha ya wastani, yenye makosa ya upatanisho wa kisarufi, nasi tuliisahihisha kama tulivyosahihisha nyingine. Tulipoulizana sisi kwa sisi alama za kumpa, hatukuona sababu ya kumwongezea kwa huruma, wala asingelipenda. Deni letu kwake si la alama. Mama yake alikuwa bado anaulipa mkopo ule tulipokuwa tukiandika makala haya, na sehemu yetu ya malipo hayo tumekwisha kuanza kuipeleka Nakasero, kidogo kidogo, kama deni lolote linavyolipwa.